Nani Kasema Mzabibu Lazima Uteseke?

Sentensi hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimeinama. Ilikuwa Septemba, saa nne asubuhi, kwenye mteremko mmoja wa Gratallops, kijiji kidogo cha Priorat, Katalunya, milima iliyo nyuma ya pwani ya Tarragona nchini Hispania. Mkono wa kushoto nimeshika kishada cha zabibu, wa kulia nimeshika mkasi, na miguu inatafuta pa kukanyaga juu ya vipande bapa vya mawe meusi vinavyoteleza kila ukihama. Juu yetu, kwenye barabara ya vumbi, kundi la wageni wenye kofia pana lilikuwa limesimama. Mwongozaji wao, dada mmoja mwenye sauti nzuri, akawaambia: "Hapa hakuna udongo, ni mawe tu. Mvua ni chache. Mzabibu unateseka. Na ni lazima uteseke, kwa sababu mateso ndiyo yanayoupa mvinyo nguvu."

Wageni wakatikisa vichwa. Mmoja akaupiga picha mzabibu. Sisi tulikuwa nyuma ya huo mzabibu.

Kaka mmoja wa Senegali aliyekuwa akichuma mstari wa jirani akaniuliza yule dada amesema nini. Nikamtafsiria. Akacheka mpaka akakaa chini juu ya kreti. "Kama ni hivyo," akasema, "mimi ningekuwa mvinyo ghali kuliko wote."

Nilikuwa mwanafunzi Tarragona, natafuta hela ya kodi ya chumba. Wiki mbili za kuchuma zabibu zilinilipia mwezi mmoja na nusu. Nikazisahau. Sentensi nayo ningeisahau, lakini miaka miwili baadaye nikakutana nayo tena, safari hii Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali. Tulikuwa vijana wapatao themanini, wote tuna shahada, wote tunafanya kazi kwa "kujitolea" katika ofisi mbalimbali, wengine mwezi wa sita, wengine mwezi wa kumi na nne, bila mshahara. Tumeitwa kutiwa moyo. Mtoa hamasa akapanda jukwaani, koti la buluu, maiki ya sikioni, akasema: "Mzabibu bora duniani hauoti kwenye udongo mzuri. Unaota kwenye mawe! Usipoteseka, hutoi mvinyo. Mvumilivu?" Ukumbi ukaitikia: "Hula mbivu!"

Mimi sikuitikia. Nilikuwa namkumbuka yule kaka juu ya kreti.

Nataka kuupinga msemo huu, na nataka kuupinga kwao, mlimani Priorat, mahali ambapo wenye kuusema wanadhani umethibitishwa. Kama hunywi pombe, usiondoke. Bibi aliyenilea Dodoma ni Mlokole, hajawahi kuweka tone mdomoni, lakini mizabibu ya nyuma ya nyumba ameitunza tangu sijazaliwa, na habari nyingi nitakazosema hapa yeye anazijua kuliko mimi.

*

Kwanza tuupe mvinyo haki yake. Mwekundu wa Priorat ni mzito kweli. Ukiinua glasi kwenye mwanga huvioni vidole vyako upande wa pili. Kanuni za eneo zinataka mwekundu usipungue asilimia 13.5 za kilevi, na mara nyingi unafika 15. Unatoka hasa kwenye aina mbili za zabibu, garnatxa na carinyena, na ukiunywa ukiwa bado mchanga tanini yake inakukamata ulimi kama ndizi mbichi. Mizabibu mingi ni mizee, mingine imepita miaka themanini, na mmoja mmoja unaweza usitoe hata kilo moja ya zabibu kwa msimu. Eneo lenyewe ni dogo: vijiji kumi na viwili hivi, hekta kama elfu mbili za mizabibu, chini ya safu ya milima ya Montsant. Katika Hispania nzima ni Rioja na Priorat tu zilizopewa daraja la juu kabisa la maeneo ya mvinyo.

Kwa hiyo sibishi kwamba mvinyo ni mkubwa. Ninachobishia ni sababu inayotolewa.

Ni kweli kwamba mzabibu ukipungukiwa maji kidogo, tunda linakuwa dogo. Tunda dogo lina ganda jingi kuliko maji, na rangi na tanini vinakaa kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo wake unakuwa mweusi na wenye nguvu. Hapo mwongozaji yuko sawa. Lakini shida ya maji ikizidi, jani linafunga vitundu vyake ili lisipoteze unyevu, na likishafunga, usanisinuru unapungua. Sukari haipandi tena. Tunda linanyauka kabla mbegu haijakomaa, na ukilisindika unapata kinywaji kikali, kichungu, kisicho na matunda ndani. Ukizidi zaidi ya hapo, mti unakufa. Hakuna mkulima wa Priorat asiyejua hili. Juni 2019 joto lilipita nyuzi 40, na katika mashamba kadhaa majani na vishada viliungua mtini kwa siku moja, vikawa kahawia kama vilivyopitiwa na moto. Kisha ukaja ukame wa miaka mitatu, na kufikia 2023 mavuno yalikuwa yameporomoka na hata mizabibu mikongwe ilianza kukauka. Mateso yalikuwa tele miaka ile. Sikusikia mtu aliyesema ndiyo miaka mikuu ya Priorat.

Halafu kuna siri ya lile jiwe. Wenyeji wanaliita llicorella. Ni jiwe jeusi la matabaka, lenye vipande vinavyometa juani, na ukiliangalia juu unaamini kweli kwamba hapa hakuna kitu. Lakini limepasuka kwa ndani, na mizizi ya mzabibu inashuka kwenye nyufa hizo mita nyingi mpaka inakuta unyevu ambao haukauki upesi. Mzabibu mzee unaouona umesimama peke yake kwenye mawe, ukiwa na majani ya kijani Agosti, haujashinda kiu. Umepata maji ambayo wewe huyaoni.

Na ule ambao haukuyapata? Haupo. Uling'oka zamani, pengine mwaka wake wa pili. Kwenye kila mstari niliochuma kulikuwa na mapengo, hatua mbili au tatu za mawe matupu. Mwongozaji hakuyaonyesha. Yeye alionyesha uliobaki, akasema umeimarishwa na mateso. Ni kama kusimama kwenye mahafali, kumwelekezea kidole kijana mmoja aliyesoma kwa mwanga wa kibatari akafaulu, na kusema: mnaona, kibatari kinafaulisha. Waliosoma kwa kibatari wakafeli hawakualikwa kwenye mahafali.

*

Sasa twende kwenye historia, maana huko ndiko msemo unakoangukia kabisa.

Mwishoni mwa karne ya 12 watawa wa shirika la Wakartusi walijenga monasteri chini ya Montsant wakaiita Scala Dei, yaani Ngazi ya Mungu. Mkuu wa monasteri, priori, alivitawala vijiji vya jirani, na jina Priorat limetoka kwake. Watawa waliendeleza mizabibu, na wanavijiji waliwalipa watawa sehemu ya mazao. Mwaka 1835 serikali ya Hispania ilipoanza kutaifisha mali za mashirika ya kitawa, monasteri ikaachwa, ikaporwa, ikachomwa. Leo ni magofu yenye tiketi.

Mwishoni mwa karne ya 19 ukaja mdudu, filoksera, anayekula mizizi. Alikuwa ameshaiharibu Ufaransa. Alipofika Priorat aliyafagia mashamba yote. Watu wakaondoka kwenda Reus, kwenda Barcelona, kwenye viwanda. Waliobaki walipanda upya sehemu ndogo tu ya mashamba, kwingine wakapanda lozi na karanga za miti, na miteremko mingi ikarudi kuwa pori.

Hapa ndipo ningependa yule bwana wa koti la buluu anisikilize. Kati ya filoksera na miaka ya 1980, Priorat iliteseka kwa karibu karne nzima. Mawe yalikuwa yale yale. Jua lilikuwa lile lile. Mizabibu ya carinyena, ile ambayo chupa zake leo zinaandikwa "mizabibu mikongwe" kwa majivuno, ilikuwepo na ilikuwa ikizeeka. Kama mateso ndiyo yanayozaa mvinyo mkuu, ulipaswa kuzaliwa wakati huo. Haukuzaliwa. Mvinyo mwingi wa Priorat uliuzwa kwa wingi bila chupa wala jina, kwa bei ya chini, ukachanganywa kwenye mvinyo hafifu wa sehemu nyingine ili kuupa rangi na kilevi. Nguvu yake ilikuwepo siku zote. Faida ilikuwa ya mwingine.

Kilichobadilika ni nini? Mwaka 1979 René Barbier, mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa mvinyo, alinunua ardhi Gratallops. Taratibu akawavuta wengine: Álvaro Palacios, ambaye kwao Rioja walikuwa na mvinyo wao, Josep Lluís Pérez, mwalimu, Carles Pastrana, na Daphne Glorian, Mswisi. Mavuno ya 1989 waliyasindika pamoja, kwenye jengo moja, wakatoka na mvinyo mmoja, kisha kila mtu akautia kwenye chupa zenye jina lake. Nirudie, kwa sababu hadithi za mashujaa huwa zinaruka kipande hiki: mvinyo ulioitangaza Priorat duniani ulikuwa mvinyo mmoja wenye majina tofauti, kwa kuwa hakuna kati yao aliyeweza kumudu peke yake. Walichangia vifaa. Walichangia ujuzi wa darasani. Walikuwa na watu wa kuwauzia nje ya nchi. Miaka minne baadaye, 1993, Palacios akatoa mvinyo wake wa L'Ermita kutoka kwenye kipande kimoja cha mizabibu mizee ya garnatxa, na leo chupa moja ya L'Ermita inapita yuro 1,000.

Mtaji, elimu, soko, na watu watano waliokubali kutumia jengo moja. Hicho ndicho kilichoiinua Priorat. Mateso yalikuwepo kabla, yakasubiri miaka mia, hayakuinua hata kijiji kimoja.

Na wazee waliobaki? Hao nawatolea kofia, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Waliikuta mizabibu isiyolipa, wakaendelea kuipogoa kila baridi, kuilima kwa nyumbu kwenye miteremko ambayo trekta haipiti, kurudishia kuta za mawe zilizobomolewa na mvua. Watano wa 1989 walikuta mizabibu mizee hai kwa sababu mtu fulani aliitunza ilipokuwa haina thamani. Ule ulikuwa utunzaji wa mikono ya watu, na hauhusiani na jiwe kuwa gumu.

*

Nimewahi kuambiwa kwamba najibu mfano kana kwamba ni hoja, kwamba bwana wa koti la buluu alikuwa anatia moyo tu, na mzabibu ulikuwa pambo la hotuba. Nakataa. Mfano ndio uliofanya kazi pale ukumbini. Angesema wazi, "Nyinyi fanyeni kazi bure mwaka mwingine mmoja," angezomewa. Alisema mzabibu, tukaandika kwenye simu.

Angalia mfano huo unavyofanya kazi. Unachukua shida iliyotengenezwa na watu na kuifanya iwe hali ya nchi, kama mvua na jiwe. Hata Priorat kwenyewe hila hii ipo. Mto Siurana unapita bonde lile, una bwawa lake, na kwa miaka mingi sehemu ya maji yake imekuwa ikielekezwa nje ya bonde, kwenda bwawa la Riudecanyes, kuhudumia mashamba na mji wa Reus upande wa pwani. Wakazi wa bonde wamelipinga jambo hilo miaka nenda rudi. Sisemi mizabibu ya miteremkoni ingemwagiliwa kwa mto huo. Mingi haimwagiliwi kabisa. Nasema kwamba ukisimama barabarani ukatangaza "hapa maji ni machache," wakati chini yako kuna mfereji unaoyapeleka maji kwingine kwa makubaliano yaliyotiwa saini na watu, umesema nusu ya habari.

Na ofisi isiyomlipa kijana haina ukame. Ina bajeti. Kuna mtu aliyekaa akaandika safari za semina, mafuta ya magari na chai ya vikao, kisha akafika kwa wanaojitolea akaandika sifuri.

Najua pia jibu la pili: kwamba kazi ngumu inajenga. Inajenga, sikatai. Mkulima wa mvinyo mwenye akili naye huupa mzabibu ugumu wa makusudi. Anapunguza vishada, anapunguza maji pale ambapo yapo, anaupogoa bila huruma. Lakini anapita kila asubuhi kuangalia majani. Likianza kujikunja anajua limefika, anaacha. Kwa nini anaacha? Kwa sababu mzabibu ukifa, hasara ni yake. Ataukosa miaka thelathini.

Hapo ndipo pa kumpimia kila anayekuhubiria uvumilivu: muulize, mimi nikikauka, wewe unapoteza nini? Bibi yangu mizabibu yake ikikauka analala bila mboga, ndiyo maana kila mwaka kabla ya mvua anaizungushia samadi ya mbuzi, na wakati wa kiangazi anaipa maji aliyooshea vyombo. Nilipomwambia kwamba Ulaya wanasema mzabibu lazima uteseke, aliniangalia kwa muda. "Wanasema hivyo wakiwa wanaupalilia," akaniuliza, "au wakiwa wanakunywa?"

*

Tuna methali inayosema mchumia juani hulia kivulini. Sitaki kuitupa, ni methali nzuri. Lakini ilizaliwa kwa mtu aliyekuwa na shamba lake na mti wake wa kivuli. Aliyechuma na aliyekula walikuwa mtu mmoja. Bila hilo methali haina maana yoyote. Tunapoibeba na kuipeleka kwenye shamba la mwingine, au ofisi ya mwingine, kuna swali inabidi liandamane nayo: kivuli hicho ni cha nani?

Gratallops nilipata jibu langu. Kwenye duka la kijiji niliikuta chupa ya mvinyo wa mteremko ule ule. Mshahara wangu wa siku nzima haukutosha kuinunua. Nyuma ya chupa kulikuwa na aya nzima kuhusu jiwe, jua, upepo wa kutoka mlimani, watawa, na mizizi inayohangaika. Mzabibu ulikuwa na wasifu kamili. Aliyeuchuma hakuwa na hata kiambishi. Zabibu "zilichumwa kwa mkono," ilisema chupa. Kwa mkono. Nikaiangalia mikono yangu, imekuwa ya zambarau hadi kwenye kucha, na rangi hiyo ilikaa siku nane.

Siombi jina langu liandikwe kwenye chupa ya mtu. Ninachoomba ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: tuache kuita mateso malezi. Kijana akikuuliza mshahara ni lini, usimsimulie mzabibu. Mpe tarehe.

Nimalizie na jambo nililoliona siku yangu ya mwisho kule, ambalo wageni wa barabarani hawakuliona kwa kuwa walikuwa wameshakwenda kula. Kwenye shamba la jirani, dogo, la mzee wa makamo ya bibi yangu, mapengo kwenye mistari yalikuwa yamepandwa miche mipya, kila mmoja umezungushiwa wavu ili nguruwe pori na sungura wasiukate. Jua lilikuwa la saa nane. Yule mzee alikuwa akipanda mteremko na ndoo mbili, polepole, akisimama kila baada ya hatua kumi. Akifika kwenye mche anapiga goti, anaondoa mawe kwa kiganja, anamimina maji kidogo kidogo mpaka yanywewe, anarudisha mawe juu ili unyevu usitoke. Kisha mche unaofuata.

Nilimuuliza, kwa Kikatalani changu cha kuokoteza, kwa nini anajisumbua wakati watu wanasema mzabibu hapa unatakiwa uteseke.

Hakuelewa swali. Nikalirudia. Akanyoosha mgongo, akatazama ndoo, akatazama mche.

"Huyu ana mwaka mmoja," akasema, na akashuka kwenda kuteka mengine.